Mgongo wa Ciza

Kabla hakujapambazuka nilisikia goti la punda likigonga sufuria. Ti. Kimya. Halafu ti tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha.

Sikushtuka. Nilinyoosha mkono gizani, nikaisogeza sufuria ukutani, nikalala kusikiliza. Ciza alikuwa anaota. Mjukuu wangu akiota anatembea, punda naye hukunja goti pale alipo kwenye mkeka wake wa umeme, kwa sababu goti lile ni la punda na ni la Ciza pia. Wageni wakilala kwetu huogopa. Mimi hufurahi. Najua mtoto yuko mahali fulani anapanda mlima.

Tunamwita punda tu. Hana kichwa wala mkia. Ni miguu minne ya chuma chepesi na kiti mgongoni, na shirika la wakimbizi lilipomleta zoni yetu, mtaa huu wa makazi, lilimpa jina refu ambalo hakuna aliyelishika. Mgongoni mwa Ciza, pale ambapo uti uliharibika lori lilipopinduka tukikimbia, daktari alipitisha uzi mwembamba kuliko unywele. Uzi ule unaongea na punda hewani, kama redio inavyoongea na mnara. Ciza akitaka kunyanyua mguu, punda ananyanyua. Na punda akikanyaga jiwe, Ciza analijua jiwe hilo kama ni la duara au lina ncha. Walipimwa watu wengi wasiotembea katika makazi yetu. Mgongo wa Ciza peke yake ndio uliokubali uzi. Wengine wanajivuta chini kwa mikono mpaka leo, na Ciza halisahau hilo.

Uzi ulichelewa kuja. Kabla haujafika, mpaka wa nchi ulifunguliwa, na mama yake na wale pacha waliomtangulia kuzaliwa, Bukuru na Butoyi, walirudi nyumbani Burundi. Sharti lilikuwa kuvuka daraja kwa miguu yako mwenyewe, kamera ikikutazama. Asiyeweza kuvuka alihesabiwa kuwa hajaamua kurudi. Ciza hakuweza, mimi nikabaki naye. Alipopata punda, daraja lilikuwa limeshafungwa tena.

Kulipokucha nilimkanda miguu yake mwenyewe, ile ya nyama, maana haifai kusahauliwa. Akajivuta mpaka kitini, punda akasimama naye.

"Unakwenda wapi?"

"Kutembea tu, Bibi."

Hilo neno "kutembea tu" ndilo lililowachoma watu. Kiangazi kile kilikuwa kikali, na ndege za maji, zile zisizo na rubani zilizokuwa zikijaza matangi yetu, hazikuonekana tena tangu anga ilipofungwa. Mabomba yalitoa hewa. Maji yalibaki bondeni, kwenye chemchemi, chini ya mteremko wa mawe ambao ukiupanda na dumu kichwani magoti yanalia. Nilimtazama mjukuu wangu akipita kati ya wanawake waliokuwa wanashuka na madumu. Watoto walimkimbilia nyuma wakiimba, "Miguu-Sita! Miguu-Sita kaamka!" Mmoja wa wanawake wale alisimama, akasogea pembeni kumpisha. Kisha alipokwisha kupita, akatema mate.

* * *

Walikuja jua likiwa bado changa. Mbele alikuwa Barampama, mwenyekiti wa zoni, amevaa koti lake la mvua ambalo hakulivua hata kiangazi. Nyuma yake mtaa mzima, na pembeni Mhandisi Mgaya wa shirika, binti wa wenyeji wa nchi hii, amekumbatia kibao chake cha kioo.

"Amani humu, Bibi Nasta."

"Amani, Mwenyekiti. Karibuni. Viti havitoshi."

"Hatukuja kukaa."

Ciza alikuwa ndiyo kwanza amerudi, bado yuko juu ya punda, vumbi limejaa kwenye kwato. Hakuteremka. Nilimwona Barampama hapendi kuinua shingo kumtazama msichana.

"Umetoka wapi, binti?"

"Kutembea."

"Wapi?"

"Mpaka kwenye mnara wa redio na kurudi."

"Kufanya nini?"

"Kutembea, Mwenyekiti. Wewe ulipotoka kwako kuja hapa ulifanya nini?"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba wamekasirika.

"Anatembeza upepo!" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. Alikuwa Goreta, yule aliyetema mate njiani. "Miguu-Sita anatembeza upepo, sisi tunatambaa na madumu!"

"Na umeme anaokula huyo punda ungewasha taa za mtaa!" mwingine aliongeza.

Barampama aliinua mkono wakanyamaza. "Mke wangu Konsolata ameteleza kwenye ule mteremko," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ndiyo maana ilitisha. "Mkono umevunjika. Mzee Ntirampeba, asiyeweza kusimama, anakunywa maji aliyofulia. Na hapa pana mnyama anayeweza kubeba maji ya watu wote hawa, anakwenda kutazama mnara."

"Si mnyama," Ciza alisema. "Ni miguu yangu."

"Basi miguu yako ibebe maji."

Mhandisi Mgaya akakohoa. Alieleza kwa upole, kama mtu anayesoma mbele ya darasa. Punda hawezi kumbeba Ciza na maji pamoja, kwa hiyo njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kukata uzi, punda awe wa wote. Ukikatwa hauungwi tena, mishipa ya fahamu iliyozoea uzi hufa. Ya pili, uzi ubaki, punda aongozwe kwa kamba kwenda bondeni, Ciza abaki kitandani. Lakini uzi haulali. Atakuwa anahisi.

"Atahisi nini?" niliuliza.

"Njia, Bibi. Mzigo. Baridi ya maji. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" Ciza aliuliza.

Mhandisi alitazama kibao chake, akatelezesha kidole, akatelezesha tena. "Hilo hatujalipima."

"Basi pima kwa mgongo wako."

"Ciza," nilisema.

"Hata hivyo," Mhandisi akaendelea, akinigeukia mimi sasa, "kwa sheria ya makazi, mtu aliyepewa kifaa huamuliwa na mlezi wake. Haidhuru ana umri gani. Ukikubali wewe, Bibi, inatosha."

Macho yote yakahamia kwangu. Mjukuu wangu ni mtu mzima, angekuwa na miguu angekuwa ameolewa au amekataa kuolewa, na hapo hapo mbele yake nikaambiwa nimwamulie. Sitasema uongo: koo langu lilikuwa kavu kama la kila mtu pale. Nilimwaza Konsolata, ambaye mwaka uliotangulia aliniuguza nilipougua, akaninywesha uji kwa kijiko. Neno moja tu kutoka kwangu lingemletea maji mlangoni.

"Mwulizeni mwenye mgongo," nikasema.

"Umesikia sheria, Bibi Nasta!" Barampama alifoka.

"Nimesikia. Mwulizeni mwenye mgongo."

Ciza alishika mikono ya kiti kwa nguvu. "Sikati," alisema. "Na siazimi."

Jiwe lilitoka nyuma ya watu. Lilimpata punda kwenye paja, kang'! Na juu ya kiti, Ciza akajishika paja lake mwenyewe na kuuma mdomo. Waliokuwa mbele waliona. Nadhani walifikiri anaigiza.

Waliondoka wakinung'unika. Wakati wa kutoka, mtu aliangusha kanga yangu kutoka kwenye kamba. Goreta, yuleyule, aliinama akaiokota, akaikung'uta vumbi, akaianika tena vizuri. Hakunitazama.

* * *

Hawakungoja usiku. Walikuja mchana kweupe, Ciza akiwa amelala ndani na punda yuko uani juani anakula umeme wa paa. Chini ya kiti chake kuna kitufe ambacho ukikibonyeza punda humfuata mtu anayemvuta kwa kamba. Kiliwekwa kwa ajili ya wasaidizi, siku Ciza akiwa hana nguvu za kumwongoza. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nachochea moto. Sikusikia hatua. Nilisikia Ciza akipiga kelele.

"Bibi! Wamenichukua!"

Hakusema wamemchukua punda.

Nilipoingia alikuwa ameshika kingo za kitanda. "Wanashuka," alisema. "Wanakimbia. Bibi, wananikimbiza kwenye mawe!"

"Nani?"

"Sijui nani! Sina macho huko, nina miguu tu!"

Nilimwambia asubiri, maneno ya kipumbavu, nikachukua fimbo yangu na kushuka. Mimi si wa kukimbia tena. Nilikuwa nusu ya mteremko niliposikia sauti yake kutoka nyumbani, nyembamba, inapita juu ya paa za watu: "Shingo! Shingo yangu!" Sikuelewa. Punda hana shingo.

Nilielewa nilipowaona. Sisi hatukukulia na punda. Kwetu milimani mzigo hukaa kichwani: mtungi, kuni, kikapu cha maharagwe, hata jembe, na mtoto wa kike hujifunza kuubeba kabla hajajifunza kusuka. Hakuna aliyewahi kutufundisha kupakia mnyama. Kwa hiyo vijana wa Barampama walikuwa wamempakia punda kama wanavyowapakia mama zao. Madumu yote yalikuwa juu ya kiti, moja juu ya jingine juu ya jingine, marefu kama mnara, yamezungushiwa kamba. Mbavuni hakuna kitu. Punda aliyumba. Kila alipoyumba walifikiri ni mvivu, wakamchapa.

Barampama alikuwa pale, amekunja mikono ya koti. Binti yake Inesi alikuwa ameshika kamba ya kuvutia.

"Acheni!" nilisema. "Mnampiga mtu!"

"Ni chuma, mama," kijana mmoja alisema, na akachapa tena kunionyesha. "Ona. Hakisikii."

Kutoka juu, nyumbani kwangu, kilio kikaja. Kilikuja sawasawa na fimbo.

Nikakaa chini, njiani, katikati ya mawe. Nilikuwa sina njia nyingine. "Haya, nipigeni mimi," nikasema, "maana huyo mnayempiga yuko kitandani anauma shuka, na mimi niko karibu zaidi."

"Inuka, Bibi Nasta," Barampama alisema. "Usitufanyie michezo."

"Mpige tena, umsikilize."

Hakupiga. Hakuna aliyepiga. Inesi aliiachia kamba, akaenda ubavuni mwa punda, akaanza kufungua madumu.

"Shika kamba hiyo," baba yake alimwambia.

Inesi hakuishika. Lakini fundo lilikuwa bovu, na mnara ule ulipolegea upande mmoja ulikuja wote. Punda alianguka magotini. Madumu yaligonga mawe, vifuniko vikaruka, na maji ya mtaa mzima yakatiririka kati ya miguu yetu, yakashuka yalikotoka. Tulisimama tunayatazama. Kijana yule aliyekuwa anachapa alipiga magoti, akajaribu kuyazuia kwa viganja.

"Umefurahi sasa?" Barampama aliniuliza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwambie mjukuu wako maji ya Konsolata ndiyo hayo."

* * *

Nilimrudisha punda nyumbani, nikamvua Ciza blauzi nikamtazama mgongo wote. Hapakuwa na alama hata moja. Ningeona alama ningejua pa kukanda.

"Mwite Mhandisi," alisema, uso umegeukia ukutani. "Akate."

"Umechoka. Tulia kwanza."

"Nikikata hawatanipiga tena. Nitajivuta chini kama Mzee Ntirampeba, na watu watanihurumia. Wanaojivuta chini hawachukiwi, Bibi. Umewahi kuona mtu anawarushia mawe? Wanachukia mtu wa chini akisimama."

Nilimkanda shingo. Niliona aibu kwamba vidole vyangu vilikuwa vikavu, sina hata tone la kuvilowesha.

Jioni ilipoanza kupoa, Inesi alisimama mlangoni na birika. Ndani yalikuwemo maji, karibu nusu. "Mama ametuma," alisema. "Alikuwa ameyaweka ya kuoshea mkono wake." Akaliweka chini, lakini hakuondoka. "Dada Ciza. Tulikupakia vibaya. Tulikupakia kama kichwa."

Kitandani nikaona mabega ya Ciza yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwepo. "Nilihisi!" alisema. "Nikasema, Mungu wangu, nani ameniweka nyumba kichwani? Mimi sijawahi kubeba hata mtungi!"

"Punda anapakiwa mbavuni," Inesi alisema. "Nimemwuliza mwenyeji mmoja. Huku na huku, sawasawa."

"Mkono wa mama yako ukoje?"

"Umevimba. Halali."

Ciza alilitazama lile birika. Nilijua anapigana na kitu, na nilijua si changu. Mwishowe alijivuta akaketi.

"Nipandisheni," alisema. "Twende kwenye bomba."

Kila jioni watu bado walikusanyika kwenye bomba kavu, kwa mazoea. Punda alichechemea njia nzima, na Ciza alikunja uso kwa kila hatua. Tulipofika, mazungumzo yalikatika.

"Nitaazima," Ciza alisema, bila salamu. "Lakini kwa ikibiri."

Watoto waliozaliwa makambini walitazamana. Sisi wazee tulilijua neno hilo. Kwetu, kabla ya kukimbia, majirani walilima pamoja: leo shamba lako, kesho langu. Mkienda kwa mtu mnalima naye mkiwa bega kwa bega, mnakula kwake, mnamwona anavyoishi. Hakuna aliyechukua nguvu za mtu na kumwacha mwenyewe mlangoni.

"Punda akienda bondeni mimi naenda naye, mpende msipende," Ciza alisema. "Kwa hiyo nyumba ambayo ni zamu yake kumwongoza, mkubwa wa nyumba hiyo atakuja kukaa na mimi mpaka arudi. Si mtoto, si jirani. Mkubwa wa nyumba. Atashika filimbi. Nikisema tua, anapuliza, mnatua. Maji ya kwanza yanakwenda kwa wanaojivuta chini. Na ni asubuhi tu. Mchana miguu ni yangu, nitakwenda mnarani, na hakuna atakayeniuliza nakwenda kufanya nini."

"Loo!" Goreta alisema. "Tukawe yaya wa Miguu-Sita?"

"Tunapewa masharti na kilema!" mwanamume mmoja aliongeza.

"Na kama tukikataa?" mwingine aliuliza.

"Kichwa unacho," Ciza alimjibu. "Weka dumu."

Walizozana mpaka giza likakaribia. Wengine walisema maneno ambayo sitayaandika. Mhandisi Mgaya alikuja, akasikiliza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi mlezi nimeridhia. Nikamwambia aache kuniuliza mimi.

"Nitaanza mimi," Barampama alisema ghafla, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. "Nyumba yangu ndiyo iliyoyamwaga maji."

* * *

Alikuja na kigoda chake, kana kwamba viti vyetu vingemwambukiza kitu. Alikiweka mbali na kitanda, akaketi na koti lake, filimbi ya mwamuzi wa mpira ikining'inia shingoni. Mimi nilikaa mlangoni nachambua maharagwe. Inesi na vijana walikwisha ondoka na punda.

Barampama aliipangusa filimbi kwa upindo wa koti.

"Wako wapi sasa?" Barampama aliuliza.

"Kwenye mawe. Wanashuka polepole."

"Inesi ameshika kamba?"

"Hajashika kamba. Ameweka kiganja hapa." Ciza aligusa bega lake la kushoto. "Tangu tulipotoka. Kina joto."

Barampama alilitazama bega lile. Akageuza macho ukutani, kisha yakarudi.

Mara vinyweleo vya mikono ya Ciza vikasimama vyote, akavuta pumzi kwa meno. Mwenyekiti akainuka nusu, filimbi mdomoni.

"Kaa," Ciza alisema. "Ni maji. Tumeingia majini."

Akakaa.

"Wanapakia. Kulia. Kushoto. Kulia." Ciza alifumba macho. "Wamejifunza."

"Mazito?"

"Ni maji, Mwenyekiti. Umewahi kubeba maji?"

Alijikuna kidevu.

"Hajawahi," nilisema kutoka mlangoni. "Hapa hapana mwanamume aliyewahi."

Walianza kupanda. Hapo hapakuwa na mzaha tena. Jasho lilimtoka Ciza kwenye paji la uso na juu ya mdomo, na ingawa alikuwa amelala chali, mgongo wake ulikaza ukajiinua kutoka kwenye godoro kama upinde. Niliacha maharagwe. Nilitaka kusema tosha, nikajishika, maana filimbi haikuwa yangu.

"Tua?" Barampama aliuliza.

"Bado."

"Nimekuuliza, tua?"

"Bado, nimesema. Pale mbele pana kona aliyoteleza mkeo. Waivuke kwanza."

Akapuliza. Ndani ya nyumba ndogo kama ile, sauti ilikuwa kama kisu. Kuku waliruka uani. Kule bondeni walitua, nilijua, kwa sababu mgongo wa Ciza ulirudi chini na pumzi yote ikamtoka.

Kisha akawaka. "Nani amekuambia upulize?"

"Uso wako."

"Uso wangu haukukuambia kitu! Mgongo ni wangu, nimesema bado!"

"Ulikuwa unaumia."

"Nilijua naumia! Unadhani wewe ndiye uliyegundua? Jana walinichukua bila kuniuliza, leo wewe unanitua bila kuniuliza. Yote ni mamoja. Ukiniuliza, subiri jibu."

Nilidhani atanyanyuka aende zake. Barampama si mtu wa kufokewa, na msichana aliyelala kitandani hakuwahi kumfokea. Aliishika filimbi mkononi, akaigeuzageuza.

"Haya," alisema. "Nitasubiri jibu."

Walikaa. Ciza alijifuta jasho kwa shuka. "Puliza mbili," alisema baada ya kitambo, "waendelee."

Akapuliza mbili. Katika kona alimtazama usoni bila kupepesa, akauliza mara moja tu, "Tua?" na Ciza akasema, "Hapana," naye akakaa na jibu hilo, amekunja ngumi, mpaka kona ikapita.

"Tumevuka," Ciza alisema. "Hapo juu ni tambarare."

Barampama aliachia pumzi kubwa. Halafu, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: "Na huko mnarani. Unahisi nini unapokwenda?"

Ciza alimtazama kuona kama anadhihaki. "Mwanzo kokoto," alisema. "Zinateleza chini ya kwato, lazima uwe na akili. Halafu majani makavu, yanavunjika moja moja. Halafu ule mwamba. Mchana una joto, joto linapanda mpaka kwenye magoti. Ukisimama hapo hutaki kuondoka."

"Majani?" Barampama alisema. "Nimepita pale siku zote hizi. Sikujua pana majani."

Nje tulisikia kwato, na sauti ya Inesi, na madumu yakigongana yakiwa yamejaa. Dumu la kwanza lilikwenda kwa Mzee Ntirampeba. Sauti yake ya kushukuru ilitufikia, nzito, kama ya mtu aliyesahau namna ya kusema. La pili lilipita mlangoni kwetu kwenda kwa Konsolata.

Barampama alisimama, akachukua kigoda chake. Hakuomba radhi, na Ciza hakumwekea nafasi ya kuomba. Alivua filimbi shingoni akaiweka juu ya meza, akainamisha kichwa kwangu kidogo, akaelekea mlangoni.

"Mwenyekiti," Ciza aliita.

Akageuka.

"Kesho utakuja?"

"Kesho si zamu yangu. Ni zamu ya Goreta, yule aliyekuita Miguu-Sita."

"Sikuuliza zamu ya maji," Ciza alisema. "Nimeuliza kama utakuja."